Watu Walionisindikiza Mnadani

Binti yangu hununua vyombo vilivyotumika kwenye mnada wa mtandaoni, kwa simu. Juzi alinionyesha jokofu. Chini ya picha paliandikwa kwamba watu kumi na wanane wanalitazama muda huo huo, na yeye akafurahi, akaona amepata kitu cha maana. Nikamwambia aliache, atafute jokofu lisilotazamwa na mtu. Akacheka, akasema mama siku hizi unaogopa hata simu.

Siogopi simu. Naogopa watu kumi na wanane.

Hofu hiyo niliipata Ngamiani, tulikokuwa tukikaa, miaka ile ruksa ilipoingia na biashara ikaachiwa huru. Tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kwenye foleni za sukari na kanga za mgawo. Ghafla maduka yakajaa kila kitu, tukabaki sisi tu tusiojaa. Mashirika ya umma nayo yakaanza kufa moja baada ya jingine. Shirika alilofanyia kazi marehemu mume wangu lilikuwa na maghala, malori mabovu na nyumba chache za wafanyakazi, na katika mojawapo ya nyumba hizo nilikaa na mama mkwe wangu. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, uani kisima. Nilikuwa nauza machungwa: nayanunua Muheza yakiwa bado mtini, nayauza sokoni kwetu kwa fungu.

Asubuhi moja likapita gari la kipaza sauti. Nilikuwa barazani nachambua machungwa. Sauti ikataja maghala, ikataja malori, kisha ikataja mtaa wetu na namba ya nyumba yetu, kwa pumzi ile ile iliyotajia malori. Mnada ni Jumamosi. Chungwa likanitoka mkononi, likabingirika mpaka mtaroni, sikulifuata. Anayenijua anaelewa uzito wa jambo hilo.

Mimi ningepata pa kujibanza. Aliyenitisha ni mama mkwe. Kwao ni Mwera, huko Pangani, lakini shamba walishagawana na kuuza, huko hakubakiwa na kitu ila makaburi. Mwanawe ndiye aliyemleta katika nyumba ile, na humo alishajifunza kutembea gizani bila kugusa ukuta, maana macho yalikuwa yameanza kumtupa. Umtoe hapo umpeleke wapi?

Niliuza bangili, nikavunja kibubu, nikawakamua kaka zangu. Nikapata laki tisa. Nikahesabu tena, zikakataa kuongezeka.

Kupatana bei nakujua. Lakini katika kupatana, kila neno lako linaishusha bei, na mnadani kila neno lako linaipandisha. Basi wiki ile nikawa nakwenda ufukweni asubuhi, wanakonadi samaki, nikasimama kama mtu aliyekuja kununua dagaa wa paka. Niliona mengi. Yuko anayeanza na bei kubwa ili wengine waone haya kufungua mdomo. Yuko anayeongeza kidogo kidogo, akawachosha wenzake mpaka wakapitiliza kiasi walichojiwekea. Wako wachuuzi waliokubaliana nyuma ya mtumbwi: anataja bei mmoja tu, wengine kimya, samaki wanagawana baadaye. Na yuko mtu wa dalali mwenyewe, anayetaja bei hali hanunui, kazi yake kukuchochea. Huyo nilimjua kwa sababu hakuwa na kapu.

Aliyenifaa alikuwa bibi mmoja mkaanga samaki. Alikuwa haangalii hata samaki anayemtaka. Anawaacha wanaume wapandishane, dalali anasema mara ya kwanza, anasema mara ya pili, ndipo bibi anataja bei yake, mara moja, kwa mruko mmoja mkubwa, wakati wenzake wameshaanza kufikiria mambo mengine. Nikasema huyu ndiye mwalimu wangu. Nitakaa kimya mpaka mara ya pili. Na isijulikane kwamba naitaka nyumba, maana kitu kisichotamaniwa na watu ndicho rahisi.

Nikamwomba mama mkwe asimwambie mtu. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia tuzike usiku bila kumwita jirani.

“Mwanangu,” akasema, “jirani akilisikia gari kabla ya kukusikia wewe, huyo unamwita jirani?”

Nikadhani ananung'unika tu, na kwamba tumeelewana.

Jumamosi nikafungua mlango wa mbele, nikataka kuufunga tena. Baraza lilikuwa limejaa. Mikeka imetandikwa kivulini, wanawake wamekaa na kanga zao kichwani, wanaume wamesimama upande wa pili wanazungumza chini chini, baiskeli zimeegemezwa ukutani kama nje ya msikiti siku ya Ijumaa. Mtu alishaleta birika la kahawa. Kila niliyempita alinipa mkono na kuniambia nijikaze. Mama mkwe alikuwa katikati ya mkeka, ametulia, mwenye watu wake. Kwetu mtu husindikizwa hospitali, husindikizwa mahakamani, kwa hiyo na mnadani pia. Nilihesabu vichwa mpaka arobaini nikaacha.

Dalali akafika kwa miguu, kengele mkononi, ametoka kunadi maghala. Nyuma yake pikapu mbili. Kutoka ya kwanza akashuka mwenye duka la samani wa barabara ya pili, huyo nilimtarajia. Kutoka ya pili akashuka bwana mnene nisiyemjua, kalamu sikioni, mabati yamefungwa nyuma ya gari lake. Alikuwa amekwisha kununua alichokuja kununua. Alishuka kunyoosha miguu tu. Nikamwona anautazama ule umati, anazitazama baiskeli, anatazama nyumba, halafu anautazama umati tena. Akaitoa kalamu sikioni.

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Hakuiona nyumba yangu. Aliwaona wanaoitazama.

Dalali akaanza na laki tano, kila anayepanda asipande chini ya nusu laki. Bwana wa mabati akaikubali tano. Mwenye samani akasema tano na nusu. Bwana wa mabati, sita. Mwenye samani akaangalia paa, akatikisa kichwa, akakaa pembeni. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

“Saba,” nikasema.

Sauti haikuwa yangu, lakini ilitoka. Kwa yule bibi wa ufukweni hapo ndipo wengine walipokuwa wakinyamaza. Bwana wa mabati hakunitazama hata mimi. Aliangalia mkeka, ambako arobaini nzima walikuwa wamenyanyua shingo kwa pamoja, na akasadiki kabisa kwamba nyumba hii ina siri.

“Saba na nusu.”

Nikasema nane. Nane na nusu. Nikasema tisa, na nilipoisema nilijua nimeifikia sakafu ya kibubu.

“Tisa na nusu,” akasema, na hata hakutoa jasho.

Dalali akanigeukia. Nikamtazama mama mkwe. Hakuwa akiona nyuso, lakini alisikia kimya changu, na nikaona mkono wake unaupapasa mkeka, kama anayetafuta mpaka wake. Mara ya kwanza. Mtu akanivuta kanga kutoka nyuma. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, muuza maandazi.

“Panda,” akaninong'oneza. “Tupo.”

Tupo si fedha. Katika miaka yote ya machungwa sijaona mtu aliyelipa kwa tupo. Lakini nilipogeuka nikaona wanawake mkeka mzima wanafungua mapindo ya kanga, kila mmoja na fundo lake, na wanaume wanapekua mifuko ya mashati. Kiasi gani, sikujua. Robo hulipwa hapo hapo, iliyobaki baada ya wiki mbili, na ukishindwa robo yako imekwenda na nyumba imekwenda. Hayo niliyajua.

Mara ya pili.

“Milioni,” nikasema. Nilitaja fedha ambayo sikuihesabu hata mara moja.

Bwana wa mabati aliutazama mkeka na mafundo yanayofunguliwa. Kisha akairudisha kalamu sikioni, na kengele ikalia.

Mama mkwe aliamuru bwana yule apewe kahawa, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Akanywa akiwa amesimama, akanambia kwa upole tu, “Mama, wote hawa walikuwa wanaitaka nyumba?”

“Hapana. Walinisindikiza.”

Akafikiri. “Ungewaacha makwao, mimi nisingetaja bei hata moja.”

Alisema kweli. Jibu likatoka mkekani.

“Baba,” mama mkwe akamwambia, “na wewe watu wako umewaacha wapi?”

Akarudisha kikombe, akashukuru, akaondoka na mabati yake.

Wiki zile mbili nilikula kidogo na kulala kidogo kuliko nilivyozoea. Fedha iliingia kwa vipande, nyingine ikinuka maandazi, na kufika siku ya mwisho milioni ilitimia. Nilipotoka kulipa sikwenda sokoni. Niliingia ndani nikahesabu vyumba. Vilikuwa sita, vyote vyetu. Nikahesabu tena.