Kibao cha Mtu Maarufu

Dada yangu ameolewa na Mfaransa, na mwaka juzi baba mkwe wake alikuja kututembelea Kibaha. Ni mzee mrefu, mkimya, aliyestaafu ualimu na sasa ni meya wa kijiji chao. Neno hilo, meya, lilimkosesha raha baba yangu mdogo. Yeye ni mwenyekiti wa mtaa huku Mbwawa na alishazoea kuwa kiongozi peke yake sebuleni.

"Muulize ana watu wangapi," alimwambia dada, aliyekuwa akitutafsiria.

Mzee alijibu kwamba hawafiki mia mbili, na wengi wao wazee.

Baba mdogo akaegemea kiti, uso umemchanua. "Mwambie pole. Hao kwetu ni wageni wa harusi moja, tena ya mtu asiye na ndugu."

Meya alicheka, akasema hata hivyo kijiji chake kina mtu maarufu. Mchoraji mmoja aliwahi kukaa pale, na nyumba aliyofikia imewekwa kibao.

"Alizaliwa hapo?"

"Hapana. Alikuja kuuguza kifua. Alipopona akaondoka."

Nilidhani yameisha. Keshokutwa yake baba mdogo alitupakia garini mpaka Kisarawe, kwa shangazi yake, aliyemlea mchezaji mpira ambaye siku hizi tunamwona kwenye televisheni. Nyuma ya gari kulikuwa na ubao aliouchukua kwa fundi wa eneo la Kwa Mathias, rangi bado inanukia: HAPA ALIISHI, kisha jina la mchezaji.

Mgeni alijikaza akatamka shikamoo. Bibi akaitikia, "Marahaba, baba," ingawa nadhani wamepishana miaka michache tu. Halafu akaniomba nimsomee ubao.

"Aliishi? Kwani amekufa?"

"Hapana, shangazi," alisema baba mdogo. "Ndivyo vibao vinavyoandikwa."

"Watu wataanza kuniletea rambirambi! Mtoto mzima wa afya, juzi tu kanipigia simu."

Meya akauliza mchezaji huyo alikuwa mtoto wa namna gani.

"Mvivu," alisema bibi. "Ukimtuma maji anarudi na mpira, ndoo kaiacha kisimani."

Dada alipotafsiri, mzee alicheka hadi akavua miwani. Akasema mama aliyempokea yule mchoraji alilalamika mpaka mwisho wa maisha yake, kwa sababu kijana alikuwa akipangusia brashi zake kwenye mapazia.

"Na kibao mkaweka?" bibi aliuliza.

"Tulisubiri mama mwenye nyumba afariki kwanza."

Bibi akampiga kofi la begani kama wamekua pamoja. Alimfungia korosho za kutosha familia nzima, na sisi wengine hatukupewa hata ya kuonja. Waliagana kwa muda mrefu, kila mmoja kwa lugha yake, na dada alishaacha kutafsiri.

Njia nzima baba mdogo alikaa na ubao uliokataliwa mapajani mwake. Nilimwonea huruma kidogo, ila nilipogeuka kumtazama dada, wote wawili tuliangua kicheko, na hapo ndipo akatununia kabisa.

Ubao huo sasa ni mlango wa banda lake la kuku, maandishi yakiwa upande wa nje. Mke wake anasema unafaa sana, haupitishi mvua.