Panya Asiye na Mkia

Mvua ya kwanza iliponyesha nilipanda mahindi, na panya wakayafukua yote. Walifuata mstari, shimo kwa shimo, utadhani walikuwa nyuma yangu nikipanda. Mbegu iliyobaki ndani ilitosha kupanda mara moja tu. Hiyo nayo ikiliwa, mwaka umekwenda.

Nikampigia bwana shamba. Kijana ana adabu, hilo simnyimi. Shikamoo yake ni ndefu kuliko msaada wake. Akasema sumu ipo, ila kwanza nimtumie picha za panya waliokufa, ajue ni aina gani. "Mgongo, tumbo na meno, mama. Simu isitikisike." Haya! Na umri wangu huu nikaanza kuwalaza panya juu ya jiwe na kuwapiga picha.

Mtegaji alikuwa baba watoto. Naye huyo, jamani! Alipokuwa kijana, waliotega panya walipeleka mikia kwa mtendaji wa kijiji iwe ushahidi kwamba wameua. Ushahidi huo haujadaiwa na mtu miaka nenda rudi, lakini yeye panya akinasa tu, kisu, mkia chini. Huifunga mafungu na kuitundika darini. Nikimuuliza anampelekea nani, anajibu, "Wewe hujui mambo ya serikali." Akili nywele, kila mtu ana zake. Nikapiga picha hivyo hivyo.

Jibu likaja siku ile ile. Kwa kuwa mnyama hana mkia, aliandika bwana shamba, huyo ni fuko. Sumu haimfai, tumwage maji kwenye mashimo. Fuko! Fuko hukaa chini ya ardhi na kula mizizi, hata mtoto wa chekechea anajua, na huyu wangu ana masikio kama vijiko. Nikapiga simu nimweleze, haipatikani. Bwana mkubwa yuko semina Dodoma mjini. Baba watoto alishashika ndoo, anamwaga maji ninayoyafuata kisimani kwa kichwa changu, eti serikali imesema. Nilisonya mpaka mdomo ukachoka.

Unyevu ulikuwa unakauka. Ningesubiri semina iishe, nisingepanda kabisa. Nikapanda ile mbegu ya mwisho.

Bwana shamba alipopatikana nilimweleza habari ya kisu. "Aah! Basi tuma mwingine, mama, mwenye mkia." Nikatuma. Safari hii akaniandikia jina refu la kizungu na maelezo marefu zaidi: ni panya shamba, ndiye anayefukua mbegu, na sumu yake nikaichukue ofisini.

Nikamjibu kwamba mbegu imeshaliwa yote, sina cha kupanda. Akanitumia kidole gumba.

Nililia kwa hasira, sifichi. Mwaka ule mahindi niliyanunua sokoni Kibaigwa, mimi ambaye madalali walizoea kunifuata mpaka shambani. Mmoja alinitambua, akaniuliza nimeleta magunia mangapi.