Nyanya za Glenys Hazisubiri Siku ya Maonyesho

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Glenys Thurley yuko bustanini kwake New Norfolk, Tasmania, anaivua miche ya nyanya mashati ya mumewe. Usiku aliifunika kwayo. Jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri, imeyakakamaza. Analifunua la kwanza, anaguna. La pili, anaguna tena. Kati ya miche kumi na miwili, saba imeungua, myeusi tii.

"Baridi shenzi hii!" anasema, na tayari anaing'oa.

Kila mtu hapa anajua: nyanya hazipandwi mpaka Siku ya Maonyesho ya kilimo, mwishoni mwa Oktoba, theluji ikishaondoka mlimani. Leo ni Septemba kumi na mbili, na huku kusini mwa dunia majira ya baridi ndiyo kwanza yanaisha. Glenys, miaka hamsini na tisa, mfuaji wa mashuka ya hospitali kwa mwaka wa thelathini na moja, anajua kuliko wengi. Njegere zake zimeshika uzio, maua ya daffodili yamejaa tele. Hata hayatazami.

Jirani yake, Mervyn Cawthorn, anachungulia na kikombe cha chai.

"Glenys, nyanya zako leo zimevaa suti?"

"Kanywe chai yako ndani, Merv."

"Umri wote huo umesahau kalenda?"

"Kalenda ninayo. Ndiyo inayoninyima usingizi."

Mervyn anaona haya. Kelvin, mume wa Glenys, ana saratani ya ini. Mwezi uliopita daktari aliwaambia Krismasi huenda wakaifikia, zaidi ya hapo hakuahidi. Nyanya za Siku ya Maonyesho huiva mwishoni mwa Januari.

Glenys hatulii. Anapalilia palipokwisha kupaliliwa, anahamisha ndoo, anairudisha. Zamu yake inaanza saa moja.

Dirisha la jikoni linafunguka. "Mke wangu, ingia, utaugua wewe sasa," Kelvin anaita. "Subiri Oktoba kama watu."

"Sisubiri!" Glenys anageukia dirisha. "Si ulisema unataka mkate, siagi na nyanya ya hapa nyumbani?"

"Ya dukani itatosha, bwana."

"Ya dukani ulisema ni maji matupu. Usinigeuke leo."

Kelvin anacheka mpaka anakohoa.

Mervyn anapomuuliza atafanyaje jalidi ikirudi, Glenys anajifuta mikono kwenye aproni. "Ndani nina miche arobaini. Jioni napanda saba. Ikiungua, napanda mingine. Mavuno siyataki mimi. Nataka nyanya moja tu, iive yeye akiwepo."