Waliozaa Mabinti Tupu

Miaka ile ya hali ya hatari Nakuru ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa nimefungwa ndani ya Nakuru. Barabarani askari walidai pasi. Mimi sikuhitaji pasi, kwa kuwa nilikuwa nimeshavunja ungo na baba alinitawisha. Mlango wa nyumba yetu mtaani Bondeni niliujua kwa upande wa ndani tu.

Asubuhi baba alisomesha watoto Kurani. Mchana alikuwa na wazimu wake: alitaka kujua makabila ya Waarabu, zama za Mtume, yalikuwa na watu wangapi. Hakuna aliyewahesabu, alisema, lakini nasaba zao zipo. Basi nilikaa na kitabu cha nasaba nikihesabu wana wa kila babu, kizazi baada ya kizazi. Yeye alijumlisha, kisha akaongeza wake zao na watoto kwa kukisia. Niliipenda kazi hiyo, sitasema uongo. Ilikuwa afadhali kuliko kuchagua mchele huku vumbi la ziwani likiingia dirishani.

Kilichonikosesha usingizi ni posa ya mtoto wa baba mkubwa. Sikutaka hata kumsikia. Mama alinishauri nimwambie baba wakati anapohesabu, maana hapo huwa mpole.

Siku moja kitabuni tukafika kwa ndugu kadhaa wa kabila dogo. Kila mmoja alikuwa na wanawe, isipokuwa mmoja, ambaye chini ya jina lake hapakuwa na kitu. Nikauliza kama alikuwa tasa.

Baba akasema huenda alizaa mabinti tupu. Waandishi wa nasaba hufuata wanaume.

"Basi hesabu yako ina pengo, baba."

Alicheka, akanisifu. Kisha akalitazama tena jina lile, kwa sababu nyumba yetu nayo ilikuwa ya mabinti tupu. Nikaona nisipoteze nafasi, nikamwambia simtaki yule bwana.

Hakukasirika, heri angekasirika. Alinieleza taratibu kwamba mume mwingine yeyote atawahamishia wajukuu wake kwenye ukoo wa watu. Kwa mtoto wa kaka yake tu ndipo watakapobaki kwetu.

"Ukizaa mtoto wa kiume hapo, mwanangu, mimi sitapotea."

"Na mimi, baba?"

Alifunua ukurasa, akaniambia tuendelee. Nikaendelea kuhesabu wanaume. Baada ya Idi nikaolewa.