Vifaranga Mbele ya Feni ya Matanga

Vifaranga wa dada yangu walipaswa kufika Kisangani asubuhi, na sisi tulipaswa kuwa tumerudi Bengamisa kabla jua halijawa kali. Ndege ikachelewa. Mtu aliyemwagizia, mfanyabiashara wa Butembo anayeishi Mangobo mjini humo, alitukabidhi masanduku mawili ya katoni yenye matundu wakati mchanga wa njia ulikuwa tayari unaunguza vidole pembeni ya kandambili.

Joto tunalijua sisi watu wa huku. Lakini la majuma yale lilikuwa jingine. Mvua ilikuwa imegoma, anga imekuwa nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa, na umeme ulikuja na kwenda ulivyotaka.

"Papa, utuwekee mpaka jioni," dada akamwomba.

"Mama, kwangu iko courant? Ventilateur inalala tangu jana. Vikikufa hapa, utasema ni mimi niliua. Peleka, peleka."

Dada aliitazama feni yake iliyosimama, akabeba katoni. Kuku wake wa kwanza walikuwa wamekufa wote kwa ugonjwa, banda likabaki tupu, na ili aanze upya alikuwa ameuza cherehani yake. Mume wake alishamwambia kwamba hawa wakifa, asimletee tena habari za kuku nyumbani. Yote yalikuwa ndani ya katoni zile, na katoni zilikuwa zinalia.

Mimi nilikuwa dereva tu, kwa pikipiki ya shemeji. Niliacha shule mapema, na tangu hapo sijui kukaa mahali. Kwa dada nilikuwa napita, na safari ile niliikubali kwa sababu sikuwahi kuona kuku walioshuka kwenye ndege. Nilikuwa na maswali mengi kuhusu jambo hilo. Dada aliniambia nifunge mdomo niendeshe.

Alikaa nyuma yangu, katoni moja mapajani, nyingine kati yetu. Tulikuwa tunaelekea daraja la Tshopo, ndiyo njia ya kurudi kwetu. Hatujafika mbali akanipiga begani.

"Simama! Wanafungua midomo."

Tukachungulia. Vifaranga walikuwa wamelegeza mabawa, midomo wazi, wanahema haraka haraka. Wengine hawakulia tena. Hapakuwa na mti karibu, na vivuli vya kuta vilikuwa vimebaki vyembamba kama utepe. Mbele yetu tu, turubai la buluu lilikuwa limefunga njia nzima, na chini yake watu wamekaa kwenye viti vya plastiki. Matanga.

Kwetu, matanga yakifunga njia, hupiti katikati na injini ikiunguruma. Unazima, unashuka, unasukuma na kusalimia. Tukafanya hivyo. Na tulipoingia chini ya turubai tukaona kitu ambacho hatukukiona popote mjini siku ile: feni kubwa ya kusimama, inazunguka kwa nguvu ya jenereta. Ilielekezwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe, penye picha ya marehemu, mzee wa nywele fupi, kati ya mishumaa iliyozimika kwa upepo.

Dada alikwenda moja kwa moja. Aliweka katoni ya kwanza mbele ya feni, chini ya meza, akarudi kuchukua ya pili. Kisha tukakaa viti vya nyuma kama watu waliokuja kulia.

Tatizo ni kwamba kinachowekwa mbele ya picha hakiwi tena cha aliyekileta. Sote wawili tunalijua hilo tangu utoto. Joto lilikuwa limetutoa akili.

Kijana wa kipaza sauti alikuwa amesinzia. Sauti za vifaranga zikamwamsha, akainama, akasikiza matundu.

"Bon! Famille, tupige makofi! Hawa ndugu wametoka na pikipiki, wameletea papa yetu soso! Soso bazima! Ndugu, mumetoka wapi?"

"Bengamisa," nikasema. Ningejibu nini kingine?

"Famille ya Bengamisa, merci mingi!"

Watu wakawapigia makofi kuku wazima. Mama wawili wa jikoni wakaja wakijipangusa mikono, wakafungua katoni moja, wakatazamana.

"Yesu! Hizi tutapika na kijiko?"

Kicheko kilianza jikoni, kikatambaa mpaka viti vya nyuma. Dada peke yake hakucheka. Alisimama, akaenda mpaka kwenye mkeka alipokaa mjane, akapiga magoti.

"Mama, unisamehe. Marehemu hatumujue. Tulikuwa tunapita tu. Joto ndiyo ilituingiza. Nilifuata ventilateur."

Mjane aligeuka kuzitazama katoni. Alikuwa mwanamke mkubwa mwenye kitambaa cheupe kichwani, na jasho lilimshuka sawa na sisi wote.

"Ni zako?"

"Ni zangu zote, mama. Sina kingine."

Mdogo wa marehemu, baba mdogo mwenye kofia waliyemwita tonton, akaingilia. "Alors, sasa ni namna gani? Imeshatangazwa kwa micro. Kitu ya mufu haitoke mbele ya mufu ikarudia nyumba!"

"Weye nyamaza," mjane akamwambia. "Kaka yako aliishi akipigana na joto. Hiyo ventilateur aliinunua yeye. Acha watoto ya kuku wapate upepo yake." Akamgeukia dada. "Jua likishuka mutaenda. Sasa unajua kutwanga sombe?"

Dada alitwanga majani hayo ya muhogo mchana kutwa kwenye joto lile. Mimi nilibeba maji na viti, na kila nilipopita nilichungulia matundu. Maji waliyopewa kwenye kifuniko cha chupa waliyanywa. Mabawa yakarudi mahali pake, kelele zikarudi. Mmoja tu alikufa. Nikamuuliza tonton marehemu alikuwa nani, akanihadithia habari za boti, mashine na ugomvi wake na kila mkuu wa kazi aliyepata kumjua, mpaka hasira yake juu yetu ikamwishia.

Jua lilipolegea tukachukua katoni. Yule tonton akamnong'oneza kijana wa kipaza sauti, naye akatafuta maneno:

"Famille, zile soso za papa zinaenda kukomaa kule Bengamisa! Siku ya kutoa matanga zitarudia hapa na miguu yao!"

Makofi tena. Dada akainamisha kichwa, akakubali.

Kabla ya daraja akaniambia nisimame. Alivuta uzi mwekundu kwenye pindo la kitenge, akachagua kifaranga aliyekuwa analia kuliko wote, akamfunga mguuni bila kukaza.

"Huyu ni wa papa," alisema. "Atarudia kwa ajili ya wote."

Nilikuwa nimekusudia kuondoka Bengamisa juma lile. Sikuondoka. Nilitaka kuona kama wa uzi atakua. Alikua jogoo mgomvi, na siku ya kutoa matanga nilimpeleka mwenyewe, amefungwa miguu kwenye usukani. Tonton alipodonolewa naye mkono akasema kweli ni wa kaka yake.