Bikoni ya Saba

Watu wa Zinga wakimtaja Mbaruku bin Kombo husema, "Yule aliyempa Mzungu makaburi, akapewa kofia." Wamelisema sana neno hilo, hata watoto waliozaliwa juzi wanalijua kabla ya kumjua mtu mwenyewe. Basi na wajue na yaliyobaki. Kofia aliipata, ndiyo. Makaburi hakumpa mtu.

Kilima chenyewe kinaitwa Kongwe, nacho kiko upande wa baharini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Zinga. Kwa mbali ni msitu. Ukiingia chini ya miti unakuta ni mwamba mtupu, jiwe kali lenye matundu, linalokata wayo wa mtu asiyelizoea. Ndani ya jiwe hilo mmegandamana kome na chaza na matumbawe yenye sura ya ua, ilhali bahari iko mbali hata mvumo wake hausikiki ila kusi inapovuma sana. Bibi yake Mbaruku alimfundisha kuwa hayo ni masalia ya gharika ya Nabii Nuhu. Juu ya mwamba ipo misandarusi mikubwa, na kando yake mashimo waliyoacha watu wa enzi ya misafara, waliochimba sandarusi, utomvu mkavu wa miti hiyo, ya kwenda kuuza Bagamoyo. Lipo pango la popo. Wapo mbega weusi wenye mabega meupe, na perere, kinyama cha ukubwa wa sungura, kinacholia mitini kama mtu anayenyongwa. Mgeni akikisikia hupiga mbio. Mbaruku alilelewa na sauti hiyo.

Upande wa mashariki, chini kidogo ya kilele, mwamba umejitandaza kama baraza. Hapo palikuwa na makaburi tisa. Manane yalikuwa ya wazee wa ukoo, watu walioishi Kongwe kabla ya Mjerumani na kabla ya Mwarabu. La tisa lilikuwa la Bi Mina, mama yake Mbaruku. Mwaka 1916, manowari zilipoipiga Bagamoyo mizinga, watu wa vijiji vya jirani walikimbilia pangoni. Bi Mina aliingia akiwa na homa, na siku ya tatu akafariki. Mbaruku alikuwa na miaka kumi na mitano. Akatafuta jiwe la kumwekea mama yake kichwani mpaka akapata moja lenye kombe zima, la ukubwa wa kiganja, lililokaa katikati kama limetiwa na fundi. Kila mwezi wa Shaabani wanawake wa ukoo walipanda na fagio, ubani na marashi, wakayafagia makaburi. Wanaume wakasoma Yasini. Aliyewaongoza wanawake alikuwa Mwanamkasi, dada yake mkubwa Mbaruku, ambaye hakukosa mwaka hata mmoja.

Mwaka 1931 serikali ikataka kukifanya kilima hifadhi. Bwana Miti, ndivyo watu walivyomwita mkubwa wa misitu, alifika na kamba, saruji na vibarua, akamtafuta mtu anayekijua kilima. Wote wakamwonyesha Mbaruku. Kazi ilikuwa kukata mkuza, yaani njia nyembamba ya kuonyesha mpaka, na kusimika bikoni kumi na mbili, nguzo fupi za saruji za mpaka, kukizunguka Kongwe. Ndani ya mkuza haitaruhusiwa kukata, kuchimba, kuchoma wala kuingia.

Mbaruku akauliza, "Na wanawake wanaokuja kufagia makaburi?"

"Waje na kibali."

"Kibali kinatoka wapi, Bwana?"

"Morogoro."

Mbaruku akamfikiria dada yake, ambaye safari yake ya mbali kuliko zote ilikuwa sokoni Bagamoyo, akisimama mbele ya karani wa Morogoro kuomba ruhusa ya kumfagilia mama yake. Walipofika bikoni ya saba, karibu na makaburi, akasimama akajifuta jasho. "Bwana, huko chini mwamba ni mbaya, kamba haitapita. Tupite huku juu." Bwana Miti alikuwa amechoka, na viatu vyake vilikwisha chanika. Akakubali. Bikoni ikasimikwa hatua arobaini juu ya makaburi, na makaburi yakabaki nje ya mkuza.

Jioni Mwanamkasi alipoambiwa, alicheka mpaka akakaa chini. "Umemzunguka Mzungu kwa kamba yake mwenyewe! Kumbe mama alizaa." Akampikia mkate wa kumimina. Mbaruku alikula akiwa na furaha, na furaha ile aliikumbuka baadaye kama mtu anavyokumbuka chakula kilichomdhuru.

Bwana Miti akamwajiri kuwa mlinzi, akampa kofia yenye beji ya shaba. Basi, hiyo ndiyo kofia. Ilikuja baada ya bikoni, na ilikuja kwa sababu alikijua kilima.

Alilinda miaka ishirini na miwili. Kila mwezi aliandika ripoti kwa mkono mzuri, maana alikuwa amesoma chuo cha Kurani na miaka miwili katika shule ya Wajerumani. Aliandika mbega wangapi kawaona, mti gani umeanguka, na nani kaingia. Hakumpendelea mtu. Kibwana wa Zinga, aliyekuwa rafiki yake wa utotoni, alipokamatwa na gogo la mkongo, Mbaruku alimpeleka barazani mwenyewe, na Kibwana akafungwa mwezi mzima. Toka siku hiyo Kibwana hakumwamkia. Akiwa kwenye kahawa, Mbaruku akipita, husema kwa sauti, "Jamani, msiteme mate chini, kofia inaandika."

Mwaka mmoja kabla ya vita vya pili alikuja Mzungu mwingine, mwenye nyundo ndogo. Alipita akigonga mwamba na kuokota vipande. Alimwambia Mbaruku kwamba kilima chote kimejengwa na vidudu vya baharini, kimoja juu ya maiti ya mwenzake, kabla hajapatikana mtu duniani. Mbaruku alilipenda neno lile. Akaenda kumwambia dada yake kwamba Kongwe yote ni maziara.

"Basi na wao wana wa kuwafagilia?" Mwanamkasi akauliza.

Mwaka 1953 barabara ya kwenda Dar es Salaam ilitakiwa kutengenezwa, na mawe yakatafutwa. Siku ya Jumatatu asubuhi Mbaruku aliwakuta watu wakipiga rangi nyekundu kwenye mwamba wa mashariki. Msimamizi wao, Natvarlal, Mhindi mtu mzima mwenye miwani, alimwamkia kwa adabu.

"Karibu, mzee. Tunapima tu. Jumamosi tunaanza baruti."

"Hapa ni hifadhi."

Natvarlal akafungua ramani juu ya kaburi la kwanza bila kujua kuwa ni kaburi. "Hifadhi inaanzia kule, kwenye bikoni ya saba. Hapa ni nje. Waliokata mpaka huu walikuwa watu makini, mzee. Mstari umenyooka kote, ila hapa tu umepinda."

Mbaruku aliutazama mpindo ule kwenye karatasi, mdogo kama ukucha.

"Hapo ulipoweka ramani yupo babu yake babu yangu," akasema.

Natvarlal aliiondoa ramani upesi, akavua miwani. "Samahani sana. Sisi kwetu tunachoma maiti, mzee, sijui niseme nini. Amri si yangu. Nakupa mpaka Ijumaa jioni. Wahamishe."

Mbaruku akaenda mbio kwa baiskeli kwa Bwana Miti mpya, wa nne tangu yule wa kwanza, akamwomba ruhusa ya kuwazika wazee wake upande wa pili wa bikoni, hatua arobaini tu. Bwana Miti alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema hifadhi si makaburini, naye hana uwezo huo, lakini ataandika Morogoro. Majibu huchukua wiki sita.

Mwalimu Hija, aliyesalisha msikiti wa Zinga, alisema kuhamisha maiti kwa dharura kunaruhusiwa, na akashauri waletwe makaburini Zinga. Mwanamkasi akakataa. "Wazee wa Kongwe wakawe wageni Zinga? Walale na babu zake Kibwana, wakisimangwa mpaka kiyama? Mbaruku, wewe ndiye uliyewatoa nje. Warudishe ndani."

"Dada, nikichimba ndani navunja sheria ninayoilinda."

"Wakilipuliwa na baruti umelinda nini?"

Usiku ule hakulala, na asubuhi alikwisha kata shauri. Kosa lake lilikuwa la hatua arobaini. Atazirudisha hatua arobaini.

Walifanya kazi siku tatu, mchana kweupe, kwa sababu hakuwa mwizi. Mbaruku alichimba, Mwalimu Hija alisoma, Mwanamkasi alikunjua sanda mpya. Popo walikuwa wanazunguka juani, wametolewa pangoni na nyundo za vibarua. Katika makaburi ya zamani hakukuwa na mengi. Mawili hayakuwa na kitu ila udongo mwekundu na makombe. Wakachota udongo, wakaufunga sandani kama mtu.

Kaburi la Bi Mina aliliacha la mwisho. Alidhani atamtambua. Lakini mifupa ilikuwa imekuwa myeupe, nyepesi, yenye matundu, na mwamba wa chini yake nao ulikuwa mweupe wenye matundu. Alikaa shimoni akishika kipande kimoja baada ya kingine, akivigeuza kwenye jua, na hakuweza kujua kipi ni mama yake na kipi ni jiwe.

"Mtoe, Mbaruku," dada yake akasema kutoka juu. "Jua linakwenda."

"Sijui yupi ni yeye."

Mwanamkasi akaitandaza sanda ukingoni mwa shimo. Kisha akasema, "Vitie vyote."

Akavitia vyote. Jiwe la kombe alilibeba begani mpaka juu. Ijumaa alasiri makaburi tisa yalikuwa yamelala ndani ya mkuza, chini ya msandarusi. Jumamosi baruti ikalia. Mbega walihama upande ule wasirudi, na muda mrefu perere hakusikika.

Jumapili Mbaruku alikaa barazani kwake akaandika ripoti ya mwezi. Mwanamkasi akamkuta anaandika.

"Unaandika nini?"

"Mtu mmoja amechimba mashimo tisa ndani ya hifadhi. Jina lake Mbaruku bin Kombo."

"Una wazimu? Nani kakuona?"

"Kibwana nilimfunga kwa gogo moja, dada. Mimi mashimo tisa."

"Kibwana aliiba! Wewe umezika mama yako!"

"Sheria haikuandika hivyo. Imeandika kuchimba."

Bwana Miti hakumshitaki. Aliisoma ripoti, akainamisha kichwa, akasema makaburi yaachwe yalipo, lakini mlinzi aliyevunja hifadhi hawezi kuendelea kuwa mlinzi. Mbaruku akaivua kofia, akaifuta beji kwa kanga ya shingoni, akaiweka mezani. Zinga wakaamua kwamba amefukuzwa kwa kuuza mawe ya makaburi. Kibwana aliwachekesha watu wa kahawa mwezi mzima: "Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kampa Mzungu mama yake akapewa kofia. Sasa mama hana, kofia hana." Ripoti yenyewe ingetosha kuwanyamazisha, lakini ilikuwa kwenye faili, na faili halinywi kahawa na watu. Mbaruku naye hakujitetea. Alisema mtu hawezi kujieleza kwa watu wanaocheka.

Shaabani ikaingia. Mwanamkasi akafunga fagio jipya, akatia marashi kikapuni, wakapanda kilima wanawake wanne na Mbaruku nyuma yao. Kwenye bikoni ya saba wakamkuta mlinzi mpya. Alikuwa Rajabu, mtu wa Mkange, ambaye Mbaruku ndiye aliyemfundisha kazi, alipokuwa msaidizi wake miezi miwili ya mwisho. Kofia ilikuwa inampwaya.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," wakajibu.

Rajabu akatazama chini. "Samahani wazee wangu. Kibali mnacho?"

Mwanamkasi akainua fagio. "Kibali hiki hapa. Mama yangu yule pale, namwona jiwe lake. Hatua arobaini! Nipishe, mwanangu."

"Mama, wallahi ningeweza..." Akamgeukia Mbaruku kama anayeomba msaada. "Mzee, mwambie. Si wewe uliyeniambia akiingia mmoja bila karatasi, kesho wataingia kumi?"

Wanawake wote wakamtazama Mbaruku. Jiwe la kombe lilionekana kutoka hapo, majani yameanza kulifunika.

"Mwache, dada," akasema. "Ndivyo nilivyomfundisha."

Mwanamkasi hakusema naye tena mpaka mvua za masika zilipokatika. Siku ile walisoma Yasini wamesimama kwenye bikoni, wakarudi na fagio jipya ambalo halikugusa ardhi. Mbaruku alituma barua Morogoro ya kuomba kibali, kisha ya pili, kisha ya tatu. Alizoea kuandika vizuri, na barua zake zilikuwa nzuri. Hazikujibiwa.

Alifariki mwaka 1957. Alikuwa ameomba alazwe Kongwe, karibu na Bi Mina. Walimzika Zinga, safu moja na babu zake Kibwana, kwa sababu ndani ya mkuza hairuhusiwi kuchimba.