Juzuu Saba za Jalada Jekundu

Nimeulizwa mara nyingi mwanamke wa Tinde anataka nini na vitabu vya vita, na kila mara nimejibu kwamba nataka kuvisoma. Jibu hilo halijawahi kumridhisha mtu. Mwanaume akiwa na vitabu huitwa msomi. Mimi niliitwa mama wa makaratasi, na kwenye msiba mmoja nilisikia kwa masikio yangu haya kwamba nimefanyiwa dawa nisipende vitenge. Vitenge navipenda sana. Ila sijakutana na kitenge kinachoeleza nani waliigawana nchi hii, kwa mkataba gani, na nani walibebeshwa mizigo ya vita vyao.

Nilianza miaka michache baada ya uhuru, nikiwa karani wa mahakama ya mwanzo. Wakili mmoja wa Shinyanga mjini alikuwa anafunga ofisi ahamie ng'ambo, akauza kila kitu mpaka mapazia. Watu waligombea viti. Mimi niliondoka na gunia la hukumu za zamani na kitabu kinene cha mikataba ya mataifa, na kondakta akalipandisha gunia langu juu ya basi, katikati ya matenga ya kuku, huku akiniuliza kama ni mihogo. Nilimwambia ni sheria. Akacheka njia nzima.

Kiingereza nilikipata kwa masista wa Ushirombo, na kamusi ilinimalizia kilichobaki. Sikutaka hadithi za mapenzi wala vitabu vya kufundishia upishi. Nilitaka vita, mikataba na kesi, kwa sababu humo ndimo mambo yetu yalimoamuliwa bila sisi kuulizwa, na nilitaka kujua waliongea nini mezani. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la pamba. Alikuwa akisema nyumba itatuangukia, lakini akipata safari ya upande wa Geita alinipitia, na mimi nilipanda mbele na gunia tupu magotini.

Kule mgodi wa wazungu ulikuwa umefungwa. Nyumba zao zilibaki milango wazi na vitu vyao vikazagaa sokoni: sahani, vyandarua, viatu vya kuchezea mpira, vitabu. Muuza karanga mmoja alikuwa amerundika vitabu chini ya meza yake akichana kurasa za kufungia. Hapo ndipo nilipoziona juzuu saba za historia ya vita kuu ya kwanza, jalada jekundu, maandishi ya dhahabu mgongoni, zote zikiwa bado nzima kwa sababu karatasi yake ilikuwa nzito na haikukunjika vizuri. Nilimpa badala yake rundo la magazeti ya zamani, laini kabisa, na yeye akaona amepata mjinga wa mwaka.

Juzuu zile zilikuwa na maana kwangu kuliko vitabu vingine vyote. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa kwenye vita hiyo kuwa mpagazi. Alitoka Samuye na mzigo wa watu kichwani, hakurudi, na hakuna aliyewahi kuja kutuambia alizikwa wapi. Nilipekua juzuu zote nikimtafuta. Wafalme walikuwemo, majenerali walikuwemo, farasi wa afisa mmoja alikuwemo kwa ukurasa mzima, kwamba alikuwa mpole na alikufa vibaya. Wapagazi wetu nilikuja kuwakuta kwenye juzuu ya tano, mstari mmoja: kwamba wenyeji waliobeba mizigo walikufa wengi, kwa njaa na kuhara. Kisha mwandishi akaendelea na mambo yake. Niliweka jani la mwarobaini pale na nikalia kwa hasira, maana mstari ule ndio kaburi pekee alilonalo babu yangu.

Ndiyo maana nilivitunza. Vilikaa kwenye magunia safi ya pamba, juu ya matofali, mchwa wasivifikie.

Ikaja miaka ya themanini, dukani ukaingia ukakuta rafu tupu na muuzaji amesinzia. Mvua nazo zilitunyima. Sabuni tulikata vipande kama nyama, na sukari ilitoka kwa foleni ya mgao. Halafu ukaja msako wa walanguzi. Wenye mali walihaha. Asubuhi ulikuta madumu ya mafuta na majora ya nguo yametupwa korongoni, na mgambo wakiuliza vya nani, kila mtu alisema si vyake, hajui vimefikaje, hata hapajui mahali penyewe. Niliwaona watu wazima wakikana vitu ambavyo wiki iliyopita walivilalia.

Mtu mmoja, simjui mpaka leo, akasema kwa Mama Karani kuna magunia yamepangwa mpaka darini. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja na mgambo wawili, na nyuma yao nusu ya Tinde na vikapu na mabakuli. Mume wangu alikuwa safarini. Balozi alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, mfugaji, mtu wa haki ambaye hakuwahi kula cha mtu. Ningefurahi angekuwa mwizi, maana ningemchukia bila taabu.

Mgambo mmoja alikuwa na bambo, kile chuma cha kuchomea gunia la nafaka kuona kilichomo. Kabla sijafungua mdomo alishalichoma gunia la kwanza. Bambo likaingia, likakwama, akalivuta likatoka na vumbi la karatasi. Akalichungulia, akaonja. Watu waliokuwa dirishani wakasukumana wapate kuona.

Walimwaga magunia yote uani. Hukumu za kesi hawakujali, kitabu cha mikataba hawakujali. Zilipotoka zile juzuu saba, balozi akainama. Alizipanga chini moja moja: rangi moja, unene mmoja, maandishi yaleyale ya dhahabu. Akasimama akanitazama kwa huzuni ya kweli.

"Kitabu kimoja ni cha kusoma, mayu," akasema, akiniita mama. "Saba vya aina moja ni vya kuuza."

Nilimweleza. Nilimwambia ni kazi moja iliyokatwa vipande, kwamba kila kimoja kinaanzia pale kilipoishia kingine, kama siku za wiki. Nikafungua viwili nikamwonyesha maneno si yaleyale. Lakini alikuwa haisomi lugha hiyo, na ukurasa wa Kiingereza kwa asiyekijua unafanana na mwenzake. Tena kulikuwa na watu pale nje wameshapanga foleni. Walikuja kupata kitu, na balozi mwenye foleni mlangoni hawezi kuwaambia warudi na vikapu vitupu. Akaamua kama ilivyokuwa ikiamuliwa kila mahali: mwenye mali abakiziwe moja, nyingine ziende kwa wananchi kwa mgao.

Mgambo wakauliza kwa sauti, ili wote wasikie, mali hii ni ya nani. Walishazoea jibu lake. Nadhani hata balozi alitegemea niseme ni ya mume wangu, au ya mzungu fulani aliyeniachia, na mambo yaishe.

"Ni yangu," nikasema. "Yote. Mnaigawa mali yangu mbele yangu, na mimi nimesimama hapa."

Waligawa hivyohivyo. Ya kwanza ndiyo niliyoachiwa mimi. Nyingine zilikwenda kwa wa mbele kwenye foleni, ambao walizipokea kwa mikono miwili wakiwa hawajui wamepewa nini, na juzuu ya tano, ile yenye mstari wangu, balozi aliichukua mwenyewe kwa sababu baada ya watano wa mbele waliofuata walishaona ni makaratasi tu, wakaondoka, na yeye hakutaka ionekane imebaki. Nilikasirika mpaka meno yakaniuma. Niliwaza watu wale waliokaa mezani Ulaya na ramani yetu, kila mmoja akakata kipande akaondoka nacho, na sasa hata kitabu kinachosimulia kimekatwa vipande uani kwangu. Hapo ndipo nilipopaza sauti. Niliwaambia kila aliyepewa akae nacho salama, sina ugomvi. Lakini kusoma sijamaliza, na kila kipande nitakifuata kilipo, nikisome hukohuko.

Walicheka. Kesho yake jioni nilianza.

Msukuma hawezi kumwacha mgeni amekaa huku ugali unaiva. Hata kama ndani kuna unga wa sahani moja, mgeni atanawishwa mikono kwanza, na mwenye nyumba asiyefanya hivyo atasemwa mpaka Mhunze. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na hakuna mkutano unaoweza kuifuta. Basi niliitumia. Jioni, mwiko ukiwa chunguni, nilipiga hodi, nikasalimia vizuri, nikaomba kitabu changu, nikakaa kwenye kigoda nikasoma. Nilisoma Kiingereza kwanza kisha nikaeleza Kisukuma, maana sikutaka mtu aseme naimbia mizimu. Chakula kilipoletwa nilikula. Sikujifanya nimeshiba.

Mjane wa nyuma ya kisima nilimkuta amefunika chungu cha togwa kwa kitabu. Yeye alinirudishia palepale, akasema chungu kina mfuniko wake, na kwake sikula. Wengine walivumilia. Fundi baiskeli alivumilia wiki nzima, mkewe akawa ananitengea finyango kabla hajamtengea yeye, na siku ya mwisho nilikikuta kitabu kimewekwa mlangoni kimefungwa kwa kanga, kama mtoto anayepelekwa kwa bibi. Mume wangu aliporudi safari alikuta nazunguka nyumba za watu kama mkaguzi. Aliniuliza kama sioni aibu. Nilimwambia aibu iliondoka na gunia.

Wengine nao walichoka kunilisha wakarudisha, mwisho ikabaki ya balozi.

Kwake palikuwa pagumu, kwa sababu alikuwa na ng'ombe, na maziwa hayakukosekana, njaa isingemshinda. Tena alikuwa mtu wa neno lake. Nilikwenda jioni baada ya jioni, nikamwamkia, akaitikia marahaba, mkewe akaniletea kigoda, na juzuu ya tano ikatolewa chini ya kitanda ikiwa imefutwa vumbi. Nilisoma mbele yake mipango ya majenerali. Alijifanya anasuka kamba. Baada ya siku kadhaa kamba ilikuwa haiongezeki. Alianza kuuliza: huyu jenerali chakula chake kinatoka wapi? Na maji? Nani anayabeba? Mwandishi hasemi, nikamjibu. Mfugaji anajua jeshi haliendi bila maji, na swali hilo lilimkereketa kuliko yote.

Basi jioni moja nikafika kwenye jani. Nilimsomea mstari ule kwa Kisukuma, taratibu, neno kwa neno.

Aliuliza kinachofuata. Nikamwambia kinachofuata ni habari za farasi.

Aliiweka kamba chini. Akasema baba yake naye alichukuliwa, yeye akiwa bado tumboni, na kwamba mama yake alikuwa akipeleka macho barabarani mpaka uzeeni. Hakuwa amewahi kulitamka hilo hadharani. Mkewe aligeuka akamwangalia kama mtu mgeni. Nilimwambia juu ya babu yangu. Tulikaa hivyo, wote wawili wa mstari mmoja. Nilidhani yamekwisha, atanipa kitabu changu niende. Kumbe ndiyo kwanza alikishika kwa nguvu.

"Kama baba yangu yumo humu," akasema, "basi hiki ni changu pia. Hakitoki."

Nilimhurumia, na wallahi nilikaribia kumwachia. Lakini nilifikiria magunia yangu yakimwagwa uani na watu wakitazama, na nikaona huruma yangu ina mipaka. Nilisimama.

"Baba yako yumo," nikamwambia. "Njoo umsome kwangu, pamoja na wenzake wa juzuu nyingine. Humu peke yake hana hata mwanzo wa vita iliyomuua."

Niliondoka bila kula. Hiyo, kwa Msukuma, ni kauli nzito kuliko matusi, na mkewe alinifuata mpaka nje akinisihi nirudi ninawe. Sikurudi, jioni ile wala zilizofuata. Nilisikia kwamba mama yule naye aligoma kupika mpaka mgeni wake arudi.

Alikuja siku ya gulio, mchana, barabara imejaa watu na malori yamesimama. Hakukificha kitabu kwapani. Alikibeba mbele yake, jalada jekundu likionekana, akapita katikati ya wauza dagaa na wauza viazi, na waliokuwa kwenye foleni ile siku ile walimwona. Akafika kizingitini kwangu, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ameleta mali ya Mama Karani. Mwanamke wa kwetu akipokea kitu kutoka kwa mzee hupiga magoti na kukinga mikono miwili, na mimi nimepiga magoti hayo tangu nikiwa mtoto. Nilimpa shikamoo yake kamili, maana umri ni umri. Nikamkaribisha ndani tusome. Lakini kitabu changu nilikipokea nimesimama.